Kuba la Sultani na Sufuria ya Mwanamkuu

Nimepokea kwa waliopokea kabla yangu, na kila mmoja wao aliongeza chumvi yake, ya kwamba katika mji wa Zuhuria alitawala Sultani Ghalibu bin Mansabu, mwenye majeshi na mabustani na farasi wasiohesabika, na juu ya neema zote hizo alikuwa na kiu moja isiyomtoka: alitaka jina lake lisife. Basi akajenga kasri lenye kuba kubwa, na akaamuru kuba hilo lipakwe rangi ambayo jicho la binadamu halijapata kuiona, na rangi hiyo iitwe Ghalibia, ili vizazi vyote vikiitaja vimtaje yeye.

Katika mji huo alikuwapo fundi aitwaye Farjalla, kazi yake kutia bati ndani ya sufuria za shaba, kwani shaba tupu ikikutana na chakula kikali hugeuka sumu, na jambo hilo kila mpishi wa Zuhuria alilijua. Na alikuwapo mjane kijana aitwaye Mwanamkuu, muuza achari ya ndimu, mwenye ulimi mkali kuliko achari yake. Farjalla alimpenda kwa siri, siri ambayo mtaa mzima uliijua. Siku Mwanamkuu alipomletea sufuria mpya, Farjalla alitaka kumfurahisha, akaisugua kwa nje tangu asubuhi hata alasiri, mpaka mtu akiitazama anaziona kope zake, na kwa kule kushughulika na nje akasahau kabisa kutia bati ndani. Mapenzi haya!

Mwanamkuu akaijaza ndimu na siki na chumvi, akaifunika. Baada ya siku arubaini akaifunua, akapiga ukelele, akajitwika sufuria mpaka karakana ya Farjalla, na umati wa watu nyuma yake.

"Fundi Farjalla! Hebu chungulia humu uniambie, hii ni achari au uchawi? Wateja wangu wamekukosea nini hata utake kuwaua?"

Farjalla akachungulia. Ndani kulikuwa na kutu ya rangi asiyoijua: si buluu, si chanikiwiti, bali kitu kilichokaa katikati ya hizo mbili na kukataa kuhama. Watu wakasukumana waone, na kila aliyeona akamuuliza mwenzake, "Rangi gani hii?" na mwenzake asijue. Farjalla akaikwangua kwa kisu, na mara kutu ikafuka moshi, na katika moshi akasimama jini mwenye ndevu za rangi ileile, akapiga chafya mara tatu kwa ukali wa siki.

"Amani iwe juu yenu," akasema jini. "Mimi ni Hamadhuri, niliyefungwa katika shaba tangu zama za wafalme waliosahauliwa, na rangi hii ni pumzi yangu. Ewe fundi, umenizindua, nami nitakupa rangi kadiri upendavyo. Lakini kila adhuhuri itageuka nyeusi hata machweo, wala mimi sitapata uhuru, mpaka kila mwenye ulimi katika mji huu aiite kwa jina moja, kwa hiari yake, asilazimishwe."

Farjalla alisikia maneno "kadiri upendavyo," akaondoka mbio kwenda kasrini. Hayo mengine aliyakumbuka siku ya pili, kuba lilipokwisha kupakwa na mji mzima ukasimama vinywa wazi, na jua lilipofika utosini kuba likageuka jeusi kama chungu cha mama ntilie.

Sultani akaghadhibika. "Watu hawalitaji jina langu!" akasema, na akatuma askari na viboko. Mbele ya askari kila mtu akasema Ghalibia, Ghalibia, tena kwa sauti kubwa, na kuba likazidi kuwa jeusi.

"Ewe fundi," akasema Sultani, "rangi yako isipodumu siku ya saba, kichwa chako hakitadumu pia."

Lakini sokoni askari wakishapita, watu walisemaje? Mwenye kutaka kitambaa alisema, "Nipe ile ya sufuria ya Mwanamkuu." Siku ya pili wakafupisha: "Nipe ya mwanamkuu." Wafumaji wakachukua rangi kwa Farjalla, wakafuma mikeka ya mwanamkuu, kinyozi akapaka mlango wake mwanamkuu, waimbaji wa harusi wakaitia wimboni, na wimbo ukaingia kasrini kwa wake wa Sultani, ukaingia hata kwa kasuku wao.

Siku ya sita jini akamwambia Farjalla, "Zimebaki ndimi mbili. Mwanamkuu mwenyewe, kwani hataki jina lake liwe jina la kutu, na Sultani."

Farjalla akaenda kwa mjane, akasimama kizingitini asithubutu kuomba. Mwanamkuu akamtazama, na machozi yakamlenga, maana naye alikuwa na siri yake.

"Umekonda, fundi," akasema. "Umeniharibia ndimu, umeniharibia sufuria, sasa unataka kunifanya mjane mara ya pili? Ingia ule. Na hicho kiti kaa taratibu, nimekipaka mwanamkuu jana, hakijakauka."

Ukabaki ulimi mmoja, nao haukuweza kuombwa wala kuamrishwa.

Siku ya saba kuba likapakwa upya, na Farjalla akapigishwa magoti uani, na mshika upanga akasimama kichwani pake, na jua likawa linapanda. Mwanamkuu alikuwa katika umati. Sultani akatoka barazani kushuhudia, akajipapasa kichwa, akamwona mtumishi amemletea kilemba cheupe.

"Si hicho, mjinga wewe!" akafoka. "Niletee kile cha mwanamkuu!"

Waziri akajiuma mdomo. Jua likafika utosini, likapita, na kuba likang'aa katikati ya buluu na chanikiwiti, halikuhama tena. Jini Hamadhuri akainama, akapiga chafya ya mwisho, akapaa akaenda zake.

Sultani alitafuta wa kumwadhibu, na ulimi wenye kosa ulikuwa wake mwenyewe. Akalitazama kuba hata ghadhabu ikamwisha, akacheka, akamvika Farjalla joho la heshima na kumpa nyumba na bustani, na harusi yake na Mwanamkuu ikaliwa siku saba, na sufuria zote za karamu Mwanamkuu alizikagua ndani mwenyewe, moja moja.

Basi fahamu, ewe msikilizaji, ya kuwa mtawala anaweza kumiliki kuba, lakini jina hukaa kwa wanaolitumia. Wajukuu wa wajukuu wao hata leo hununua vilemba vya mwanamkuu. Na yule sultani naye alikuwa mtu mkubwa sana, aliitwa Sultani... jina limenitoka, nalo nimelitaja mimi mwenyewe hapo mwanzo.