Machozi ya Fundi Cherehani

Wahenga waliposema kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, hawakuwa na maana kwamba mtoto aonewe. Walimwonya mzazi anayetoa kila kitu ili asisikie kilio, kwamba kilio kile hakipotei. Kinahama tu, kutoka kinywani mwa mtoto hadi kinywani mwake mwenyewe. Fundi mmoja wa cherehani aliisikia methali hii tangu utotoni, lakini maana yake aliipata asubuhi moja, akiwa amepiga magoti mbele ya beseni.

Fundi huyo alikuwa na mkono mwepesi na jicho kali. Akikuona unavuka barabara, amekwisha kujua kiuno chako. Lakini mbele ya bintiye wa miaka mitano alikuwa laini kama pamba. Kwa kuwa binti huyo hakufunga mdomo tangu macheo hadi machweo, watu wote walimwita Chiriku.

Chiriku alikuwa bado anakojoa kitandani. Mama yake, ambaye alikuwa mkunga hospitalini, hakulihesabu hilo kuwa kosa. Alimnywesha maji ya kutosha mchana, akampa kikombe cha mwisho wakati wa chakula cha jioni, akampeleka msalani kabla ya kulala, kisha akamwamsha tena yeye mwenyewe alipokuwa akienda kulala. Shuka likilowa, alilibadili bila neno. Kidogo kidogo asubuhi kavu zikaanza kuzizidi zile mbichi, na Chiriku akaanza kuomba apelekwe kwa shangazi yake akalale na binamu zake, jambo alilolitamani na kuliogopa kwa pamoja.

Ndipo mama akapangiwa zamu ya usiku.

"Baba Chiriku," alimwambia mumewe huku akifunga viatu, "mtoto hafanyi kusudi. Usimkaripie. Ila akililia kinywaji wakati wa kulala, usimpe. Na ukimwamsha akalia, mwache alie, lakini msalani aende."

Fundi akajibu kwamba hilo ni jambo dogo kama kutunga uzi kwenye sindano.

Jioni ile Chiriku akataka juisi. Baba akasema hapana. Mdomo wa chini ukatangulia mbele, kidevu kikafuata kwa kutetemeka, na kabla chozi halijadondoka fundi alikuwa amekwisha kushika jagi. Akampa kikombe, akaombwa cha pili, akatoa. Msalani Chiriku hakutaka kwenda, kwa sababu sakafu, alisema, ina baridi. Baba akaigusa sakafu kwa kidole, akaona ni kweli ina baridi. Na wakati wa kumwamsha ulipofika, mtoto alitoa mlio mmoja tu mwembamba, naye akamfunika upya, akaondoka kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Asubuhi godoro lilikuwa bwawa. Kwa kumwonea haya mkewe, fundi alichukua pasi yake ya kazi akalipiga godoro pasi. Mvuke uliopanda chumbani humo si wa kuhadithiwa watu walio mezani. Mkunga aliporudi na kuuliza harufu ile ni ya nini, aliambiwa ni ya kitambaa kipya cha mteja. Akamtazama mumewe kwa muda, akaenda zake kulala.

Mambo yakawa ndiyo hayo siku kadhaa, mpaka godoro likakataa kabisa kukauka. Wakati huohuo fundi alikuwa amemaliza kushona suti nyeupe ya bwana harusi mmoja, kazi iliyosifiwa mtaa mzima hata kabla ya kuvaliwa. Ili isiingie mikunjo, aliilaza kitandani kwake, upande wa mkewe, kama mgonjwa wa heshima. Chiriku naye, akiwa hana pa kulala, akawekwa katikati pamoja na vikombe vyake viwili vya juisi tumboni.

Kulipopambazuka, koti lilikuwa limesalimika. Suruali ilikuwa na ramani ya manjano, yenye bara na visiwa vyake. Na harusi ilikuwa siku hiyohiyo.

Mkunga alimkuta mumewe amepiga magoti mbele ya beseni, machozi yakimdondokea kwenye povu. Chiriku alikuwa amesimama nyuma yake, anampapasa mgongo.

"Nyamaza, baba," alimbembeleza. "Nikupe juisi?"

Mkunga alishika mlango akacheka mpaka akakaa chini. Fundi akaungama yote: juisi, sakafu, pasi. Mkewe hakuongeza lawama juu ya msiba. Alileta siki, wakafua, wakasuuza, wakaikausha suruali kwa pasi ileile, safari hii mahali pake.

Bwana harusi alipofika, aliinusa suruali, akauliza mbona inanuka siki. Fundi alikuwa tayari kusema kwamba ni dawa ya kukinga nondo, lakini akaona mkewe anamtazama, akasema kweli. Fundi aliliona jina lake lote zuri linaning'inia kwenye uzi mmoja. Bwana harusi akaipima suruali kiunoni, akamchungulia mtoto aliyejificha nyuma ya cherehani.

"Wenzangu huzaa kwanza ndipo wakakojolewa," alisema. "Mimi baraka zimenitangulia."

Akalipa, akaenda kuoa.

Alipoondoka, Chiriku hakutoka alikojificha. "Baba, mimi ni mbaya?" aliuliza.

Fundi akakaa sakafuni kando yake. "Wewe huna kosa, mwanangu. Kosa ni langu. Nilikuogopa."

Chiriku akashangaa sana. Hakuwahi kusikia kwamba kuna mtu anayemwogopa.

Jioni hiyo mdomo wa chini ulipotangulia mbele, fundi alishika ukingo wa meza kama aliye kwenye meli. Akamwambia alie tu, baba yupo, ila juisi ni ya kesho mchana. Chiriku akalia kwa sauti zote alizojaliwa, akapumzika, akafumbua jicho moja kuangalia maendeleo, akaanza upya, kisha akachoka, akaomba hadithi. Msalani akaenda amevaa ndala za baba. Alipoamshwa, alilia begani mwa baba yake njia nzima, kwenda na kurudi, na asubuhi hakukumbuka lolote. Mabwawa hayakukoma mara moja. Yaliporudi, shuka lilibadilishwa bila neno, na yakaendelea kupungua mpaka likizo ikafika, na Chiriku akaenda kwa shangazi na mkoba wake mgongoni.

Asubuhi iliyofuata shangazi akapiga simu. Alisema mtoto ameamka mkavu kama kuni, lakini kuna jambo limemnyima raha yeye shangazi. Jana wakati wa kulala alimmiminia juisi, naye akakisukuma kikombe.

"Eti, 'Hapana, shangazi, nikinywa usiku baba analia.' Kaka, una nini huko?"

Fundi akajikuna kichwa kwa tepu ya kupimia, akamjibu kwa maneno ya wahenga: mchelea mwana kulia hulia yeye.