Nasaba ya Sultani Madi

Hapo zamani, katika mji wa Kirongwa, alikuwako msomaji nasaba jina lake Mbwarahaji, fukara, na mwenye kumbukumbu mbovu kuliko mtu yeyote aliyewahi kupewa kazi hiyo. Kazi yenyewe ilikuwa kutaja mbele ya watu wazazi wa Sultani, kizazi kwa kizazi. Aliirithi kwa babake, na babake hakuwa na mtoto mwingine wa kumrithisha. Desturi ya Kirongwa ilikuwa nasaba haikatiki njiani: msomaji akisahau jina, waliohudhuria humkumbusha kwa sauti moja. Basi Mbwarahaji alikumbushwa mara nyingi, hata ikawa mji mzima unaijua nasaba kumshinda.

Wakuu wa mji walijivunia ngozi nyeupe na mababu waliotoka ng'ambo. Sultani Madi alikuwa mweusi, kwa kuwa mamaye, Mbodze, alitoka bara. Watu waliyanong'ona hayo uani na vibarazani. Sultani akakasirika, akaamuru ipigwe mbiu: atakayetaja rangi yake au asili ya mamaye atafukuzwa mji. Ikawa taabu. Muuza makaa alinadi, "Meusi haya, meusi!" akakamatwa, akatiwa kifungoni kungoja kufukuzwa. Na manong'ono yakazidi, maana sasa hapakuwa na habari nyingine tamu kama hiyo.

Ikakaribia sikukuu ya kutawazwa. Sultani akamwita Mbwarahaji.

"Labeka, Bwana wangu."

"Kesho utasoma nasaba yangu yote, kwa baba na kwa mama. Wageni watakuwapo; ukiruka jina watasema nimelificha. Lakini jina la mama yangu na asili yake visitoke kinywani mwako. Ukiruka, utahama mji. Ukitaja, utahama mji."

"Na nikiugua, Bwana wangu?"

"Utahama hali mgonjwa."

Mbwarahaji akarudi nyumbani, akamweleza mkewe, Mwanashee.

"Tutakwenda wapi?" akauliza mkewe. "Paa lavuja, lakini ni letu. Nawe ulijigamba kwa majirani kwamba ukiitwa utamwambia Sultani ukweli. Ulimwambia nini?"

"Nilimuuliza habari za kuugua."

"Ewe shujaa wangu!" akasema Mwanashee, akamgeuzia mgongo.

Asubuhi uwanja ukajaa. Mbwarahaji akasimama, akasoma upande wa baba. Alisahau mababu wawili, akakumbushwa kama kawaida. Kisha akasema, "Na mamaye Sultani wetu Madi ni..." Akajikuna kichwa. Akatazama mawingu. Kwa hakika hilo lilikuwa jina la kwanza maishani mwake ambalo hakulisahau.

Askari wakashika mikuki. Watu wakatazamana. Mwisho Bi Zamzam, muuza samaki, uvumilivu ukamwishia.

"Mbodze, wewe! Hata huyu umemsahau?"

Na watu, kwa mazoea, wakaitikia kwa sauti moja: "Mbodze wa bara! Mweusi, kama mwanawe!"

Kisha kila mtu akaziba kinywa chake.

"Afukuzwe!" waziri akapiga kelele.

"Bwana wangu," akasema Mbwarahaji, "sikuruka, kwani nasaba imetimia. Wala kinywani mwangu halikutoka jina lile. Waliosema ni hawa. Basi na watolewe wote, kama ilivyo amri. Nitabaki mimi na Bwana wangu, tutaendesha mji wawili, ingawa sioni nani atapika."

Sultani akainamisha kichwa. "Mimi simwonei haya mama yangu. Nilitaka wanipime kwa kazi, wasinipime kwa ngozi."

"Ndiyo, Bwana wangu. Ila tangu uwakataze, hawajapata wasaa wa kuitazama kazi."

Sultani akainuka. "Mama yangu ni Mbodze wa bara, nami ni mweusi kama yeye. Mwenye neno juu ya hilo aliseme sasa, hatadhurika."

Watu wakafikiri. Hakuna aliyepata la kuongeza. Kisha Bi Zamzam akanyoosha mkono.

"Bwana wangu, mimi neno langu ni kisima cha sokoni. Kimekauka tangu mwaka jana."

"Na ushuru wa chumvi!" akadakia mwingine.

"Na kadhi anayesinzia barazani!"

Ikawa hivyo hadi alasiri. Sultani, jasho likimtoka, akamwinamia Mbwarahaji. "Waombe warudi kwenye rangi yangu."

"Hawataki tena, Bwana wangu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. Akamfungua muuza makaa, akampa Mbwarahaji mbuzi na kumwachia nyumba yake ile inayovuja. Wiki ile akaenda sokoni kusimamia kisima yeye mwenyewe, na watu wakaja kumtazama. Wakasimama ukingoni muda mrefu, wakinong'onezana. Sultani akatega sikio.

Walikuwa wakisema kamba aliyoleta ni fupi.

Nayo ilikuwa fupi kweli.