Ramu Mpya Iliyotembea Polepole

Ilikuwa Jumatano, tarehe tisa Julai, saa nane mchana, mama mmoja mwenye steshenari alipoacha kumwamini fundi wake.

Kompyuta yake ilikuwa nzito. Ukiiagiza ifungue barua, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Fundi akamwambia, "Ina ramu moja tu. Tuongeze ya pili." Ramu ni kile kipande kidogo ambamo kompyuta huhifadhi kazi inayoifanya wakati huo. Mama akanunua mpya, yenye kasi ya elfu tatu na mia mbili. Ya zamani ilikuwa elfu mbili na mia nne. Ile mpya akaitia alama ya rangi ya kucha, kisha akakaa, macho kwenye vidole vya fundi. Si mnawajua mafundi?

Kompyuta ikawashwa. Kioo kikaonyesha kasi: elfu mbili na mia nne.

"Umenibadilishia!"

"Mama, si umekaa hapa hapa?"

"Nilipiga chafya mara moja! Mafundi nyie, mkono mmoja bisibisi, mwingine mfukoni mwa mtu!"

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kibandani kwa fundi wakachukua redio zao wakaondoka.

Fundi hakubishana. Akazima, akachomoa ramu ya zamani, akamwonyesha iliyobaki: rangi ya kucha ile ile. Akawasha. Elfu tatu na mia mbili.

"Sasa mbona mwanzo ilidanganya?"

"Haikudanganya, mama. Zikikaa mbili, ile ya haraka hupunguza mwendo ili ziende pamoja. Ya zamani haiwezi kukimbia."

Mama akafungua pochi, akamlipa. Lakini wale wateja walikuwa wamekwisha kwenda na habari yao.

Mnamcheka, ndugu zangu? Ngojeni.

Kwa miaka miwili, kila Jumapili, mke wangu, Atupakisye, aliingia humu kanisani wimbo wa pili ukiimbwa. Mimi hutoka nyumbani alfajiri kuja kufungua kanisa, kwa hiyo sikuiona safari yake. Na huyu ni mwanamke aliyepanda mlima na ndoo kichwani bila kutweta! Nikamwuliza, "Nani anakukawiza?" Akasema, "Natembea na mtu." Sikumwamini. Nilimnunia, na kila Jumapili nikasimama hapa kuwahubiria upendo.

Tulimzika siku kumi zilizopita. Jumapili iliyofuata, ninyi mkitoka, ndipo Mama Lusekelo, jirani yetu mwenye mguu mbovu anayekaa benchi la nje, alipofika mlangoni. Peke yake, jasho linamtiririka. Akaniambia, "Nisamehe, mwinjilisti. Sijazoea njia hii bila bega lake."

Sisi tukimwona mtu amechelewa, tunauliza alikuwa wapi. Lini tuliuliza anatembea na nani? Aliye na neno na mwenzake akamwulize leo, tena aamini jibu lake. Mimi wangu hanijibu tena.

Ee Bwana, mpokee Atupakisye. Ipumzishe miguu yake. Na ile samahani niliyomnyima, umfikishie wewe. Amina.