Mlango wa Bibi Safura

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na mji ambao kodi ya nyumba ilikadiriwa kwa kuhesabu milango inayotoka nje. Basi kila mwaka, habari za mkadiriaji zikifika, watu waliikandika milango yao ya nyuma kwa udongo ikafanana na ukuta. Akishaondoka, waliubomoa.

Katika mji huo aliishi mjane mchamungu aitwaye Thuwaiba, pamoja na mwanawe mchanga, Lubaba, na mbuzi mmoja wa maziwa. Nyumba yake ilikuwa na mlango wa mbele, na wa pili uliotokea kichochoroni, karibu na kisima. Marehemu mumewe aliutoboa huo wa pili kwa ajili ya Bibi Safura, kikongwe asiyeona, apate kuteka maji bila kuzunguka mtaa mzima.

Asubuhi ya ukaguzi, jirani yake Hannuna alimletea ndoo ya udongo uliokwisha kukandwa. Thuwaiba aliiona mikono yake ilivyochubuka, akaona haya kumkatalia.

"Mama Lubaba, ziba upesi. Ukiandikiwa miwili utamuuza huyo mbuzi, na mtoto utamnywesha nini? Dua?"

"Na Bibi Safura apite wapi?"

"Siku moja tu, shoga yangu. Hatakufa kwa kiu."

Thuwaiba akamtazama mtoto, akatia mkono kwenye udongo. Kisha akautoa, akaunawa.

"Allah akulipe kwa wema wako, dada. Ila sadaka ya mume wangu siwezi kuifukia."

Mkadiriaji akafika, jina lake Qutham, mtu wa maneno machache. Akasimama barazani, kalamu mkononi.

"Mlango mmoja?"

"Miwili, bwana."

Akamwangalia kwa mshangao, akamfuata hadi mlango wa kichochoroni. Mara Bibi Safura akaingia na mtungi kutoka kisimani, anahema.

"Mwanangu, leo nimepotea. Huwa nahesabu milango kwa mkono, wako ni wa sita. Leo kote napapasa udongo mbichi. Nimeukuta huu tu."

Thuwaiba, aliyekuwa akimhofia mbuzi wake, sasa akawahofia majirani.

"Bwana, nao wana watoto. Wape muda."

Qutham aliinama, akampangusa kikongwe viganja kwa ncha ya kilemba chake.

"Mlango wa kuwapa watu maji ni sabili, sadaka ya maji," akasema, "na sabili haitozwi kodi." Akaandika mmoja. "Kichochoroni nitapita baada ya Alasiri. Sasa naenda kuswali Adhuhuri."

Aliporudi, majirani walikuwa wamekwisha kuyasikia hayo, udongo wote ulikuwa chini, na Hannuna alikuwa akiufagia.

"Wangu ni miwili," akasema kabla ya kuulizwa. "Andika."

Ndugu zangu, Thuwaiba hakumhubiria mtu. Aliuacha tu mlango wazi, kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kuona kwamba ameachiwa. Mola atujaalie nyoyo za namna hiyo.