Bi Nuru na Magari Mawili ya Harubu

Bi Nuru Shekilindi aliuza shamba lake la mwisho apate gari la kumpeleka mumewe hospitali, maana miguu ya mzee ilikuwa imegoma. Katika yadi ya tajiri Harubu, muuza magari wa Tanga, yalibaki magari mawili ya familia, jeupe na la kijivu. Mji mzima ulijua moja lilizama kwenye mafuriko likapakwa rangi. Lipi? Alijua Harubu peke yake.

"Chukua jeupe, mama yangu," alisema Harubu. "Injini inanong'ona!"

"Na la kijivu?"

"Zuri, lakini jeupe ndilo gari."

Bi Nuru akayazunguka, akayapiga mateke matairi, kisha akajitenga kivulini na simu yake. "Nimuulize mwenzangu kidogo."

Baadaye simu ya Harubu ikalia. Akasimama wima kama askari. "Shikamoo mama! Msibani Korogwe? Sasa hivi? Gari linakuja, mama." Akamgeukia dereva wake, akamtupia ufunguo. "Mpeleke mama mkwe. Chukua la kijivu!"

"Bosi, jeupe ndilo liko getini."

"Unataka niachwe na mke? La kijivu!"

Bi Nuru akaupokonya ufunguo mkononi mwa dereva. "Basi nanunua hili."

"Na mkwe wangu atafikaje msibani?"

"Hajafa mtu, baba. Mkweo ni shoga yangu, yuko kwake anakaanga samaki. Mimi ndiye niliyemwomba akupigie. Amekaa na kikaango chake barazani, anangoja aone nitapita na gari la rangi gani."