Bega Moja

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa hili: Nakijwa alikuwa akichambua mchele sebuleni, akamwambia mumewe asogee kidogo, anamzibia mwanga. Mume akasogea bila kuinua macho kwenye kompyuta. Kabla wiki haijaisha, mke alikuwa amefariki.

Mume huyo kazi yake ilikuwa kutengeneza michezo ya kompyuta. Baada ya mazishi hakutaka wageni. Majirani walipogonga, aliwashukuru akiwa ndani, nao wakaondoka. Kisha akaanza kutengeneza mchezo kuhusu kifo, akitumaini kwamba akiufikisha mwisho, naye atapata kupumzika.

Katika mchezo huo mtu anabeba jeneza begani, akipita bonde lenye ukungu. Ni alasiri isiyokwisha. Majani hulala anapopita, kisha huinuka polepole, kama yanavuta pumzi. Kando ya njia zipo nyumba. Taa zinawaka, milango imerudishwa, hakuna mtu. Mara nyingine sauti ya mwanamke husikika kutoka ndani ya jeneza. Haimwiti. Inaimba chinichini, kama mtu aliyeshughulika na kazi ya mikono. Kila hatua mzigo unazidi. Juu ya kilima, kaburi limekwisha kuchimbwa.

Kila alipoujaribu mchezo, hakulifikia. Mbebaji hupiga magoti njiani, ukungu humfunika, naye hujikuta tena mwanzo wa bonde. Mtengenezaji alipunguza mwinuko wa kilima. Akaifupisha njia. Bado mbebaji alianguka. Miezi ilipita, akaanza kuamini kwamba huo ndio ukweli wenyewe: njia haina mwisho, na moyoni mwake Nakijwa hatazikwa kamwe.

Siku moja alikuja Mbonea, kaka wa marehemu. Aligonga, akashukuriwa, akaruka ukuta. Akaketi kutazama yule mtu wa kwenye kioo akipanda, akiyumba, akipiga magoti. Kwanza alicheka. Kisha akaacha.

"Shemeji, huyu mtu wako ni punda?" alisema. "Kwetu jeneza watu hupokezana, wanagombea kuingiza bega. Na huyo ni dada yangu. Mbona mimi hukuniweka?"



Asubuhi iliyofuata mume alizifungua nyumba za bondeni, akaziwekea watu: Mbonea na kofia yake ya sufi, mama mkwe, muuza mkaa wa mtaani, mwanamke aliyekuwa akimsuka Nakijwa. Uzito wa jeneza hakuugusa. Akaanza safari. Walitoka mmoja mmoja bila kuitwa, wakaingia chini ya jeneza, na aliyechoka akampisha mwingine. Walipofika kilimani, mikono mingi ililiteremsha taratibu. Alitazama hadi udongo ukasawazishwa, akalia kwa sauti.

Nanyi mliofiwa, ni nani amesimama nje ya mlango wenu, akingoja zamu yake ya kubeba?