Jani Bichi Juu ya Mwamba wa Pimbi

Haya, sogeeni karibu, na mwenye blanketi amfunike mwenzake, maana hadithi hii ina baridi.

Katika nchi ya mbali ya kaskazini, kipupwe cha mwaka mmoja kilikuja bila adabu. Jua lilichelewa kuchomoza na likawahi kuzama. Theluji ilifunika mbuga, mto ukaganda, na sakitu, ule umande ulioganda, ikababua kila kilichokuwa kibichi. Walao majani walikonda, na walao nyama wakakonda nyuma yao. Simba mwenyewe alitetemeka mpaka masharubu, ila akiulizwa alijibu, "Mimi sitetemeki. Ninawaza."

Raha iliyobaki ni kuota jua juu ya mwamba wa Pimbi, ambako ilikuwa marufuku kumla mwenzako. Hapo palikuwa na desturi. Aliyeleta jani bichi alikaa katikati, mahali penye joto kuliko pote. Jani lilipitishwa pua hadi pua, kila mmoja akalinusa taratibu na kukumbuka masika. Kisha mwenye jani alitaja alikolichuma, ili wenye njaa waende.

Sasa Sungura, katika kuukimbia upepo, aliteleza akaingia kwenye ufa wa jabali, na huko ndani akakuta chemchemi ya maji moto. Mvuke wenye uvundo ulimpiga usoni. Pembeni mnavu umestawi, nyasi changa zimejaa. Alikula mpaka masikio yakalegea. Akifichua, watakuja wote. Akinyamaza, hatakaa katikati. Na Sungura alitaka chakula chote na mahali pa katikati pia.

Kesho yake alipanda mwambani na jani la mnavu mdomoni. Likanuswa, wanyama wakafumba macho kwa utamu.

"Umelitoa wapi, ndugu yangu?" aliuliza Paa. "Maziwa yamenikauka. Huyu mtoto ananyonya hewa."

"Bonde la Upepo, dada. Wahi, sakitu isikutangulie."

Paa alikwenda mbio na mwanawe. Alirudi akichechemea. "Sikukuta hata mzizi."

"Umechelewa, dada. Pole sana."

Siku ya pili Sungura alileta jani jingine, akamtuma Paa hadi Kilima cha Mawe. Siku ya tatu akamtuma hadi Msitu wa Misonobari. Mtoto wa Paa sasa alisimama kwa kuegemea mguu wa mama yake. Sungura alimwona, akasikia haya kidogo, kisha akageuza shingo na kuota jua upande wa pili.

Asubuhi ya nne jani likapita tena. Lilipomfikia Fisi, hakulinusa. Alikuwa ameinama kwenye miguu ya Sungura, mate yanamtiririka.

"Nani ana mayai viza hapa?"

"Hakuna mayai, Bwana Fisi," alisema Sungura, akiivuta miguu chini ya tumbo.

"Yapo! Tena mengi! Nipe hata moja, baba, nami nina njaa."

"Nimekanyaga uchafu njiani tu."

"Uchafu!" Fisi alikaribia kulia kwa furaha. "Njia ipi hiyo?"

Sungura alikuwa akipita juu ya mto ulioganda ili asiache nyayo. Alifikiria macho ya wenzake, pua ya Fisi akaisahau. Fisi aliteremka, akaburura pua juu ya barafu, akapotea nyuma ya jabali. Punde likasikika yowe lililoangusha theluji mitini.

Wote walikimbia huko. Walimkuta Fisi amekaa na pua iliyoungua, akitazama kwa uchungu maji yaliyonuka vizuri namna ile bila yai hata moja. Lakini hawakumtazama sana. Paa alikuwa ameshazamisha mdomo kwenye mnavu, analia huku anatafuna, na mwanawe anakanyagakanyaga nyasi asijue aanzie wapi.

Sungura alifika wa mwisho. "Lo! Kumbe ni hapa? Mimi nilisahau tu jina la mahali."

"Siku tatu ulisahau," alisema Paa. "Na siku tatu mwanangu alitembea."



Asubuhi iliyofuata Paa alipanda mwambani na jani mdomoni, mwanawe akirukaruka nyuma yake. Pimbi akawaketisha katikati. Paa akataja mahali, ingawa wote walipajua, kwa kuwa desturi ni desturi. Jani likapita pua hadi pua. Sungura alipangiwa upande wa kivulini, jani likamfikia mwisho kabisa, halina harufu tena isipokuwa ya pua ya Fisi.

Simba alimwona Sungura akigonganisha meno.

"Vipi, Sungura? Mbona unatetemeka?"

"Sitetemeki, Mzee," alisema Sungura. "Ninawaza."

"Vizuri," alisema Simba, akijinyoosha juani. "Sisi tutakungoja mpaka umalize."